Samaki wa Maji Yetu Waandikwe kwa Jina Letu

Liko shauri moja linalozungumzwa mkutano baada ya mkutano tangu mwaka 2011, na wengi katika matawi yetu hawajapata kulisikia. Si shauri la mpaka wa ardhi, wala la mishahara, wala la bei ya pamba. Ni shauri la jodari. Asije mtu akacheka. Likimalizika vizuri, nchi za pwani ya Afrika zitapata fungu lao katika utajiri wa Bahari ya Hindi kwa haki, si kwa kuombaomba. Likimalizika vibaya, itaandikwa katika vitabu vya mataifa kwamba samaki waliovuliwa mbele ya milango yetu kwa miaka 40 hawakuwa wetu, na watoto wetu watasomewa kitabu hicho kila watakapodai haki yao.

Shauri lenyewe ni hili. Katika mji wa Victoria, huko Shelisheli, kuna makao ya Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi. Mkataba wake ulipitishwa mwaka 1993 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ukaanza kutumika mwaka 1996. Wanachama wake ni kama 30. Wamo wenye pwani, kuanzia Afrika Kusini hadi Australia, na wamo wageni wa mbali, kama Japani, China, Korea ya Kusini na Umoja wa Ulaya, ambao meli zao husafiri maelfu ya maili kuja kuvua huku. Kenya iliingia mwaka 2004, Tanzania mwaka 2007. Februari 2011 kamati ya Tume hiyo ilikutana Nairobi kuanza kutafuta kanuni ya kugawa samaki, ili kila nchi ijue fungu lake la mwaka. Tangu siku hiyo kamati imekutana zaidi ya mara kumi, na mwaka 2025 ulipoingia kanuni ilikuwa bado haijapatikana.

Kwa nini haipatikani? Kwa sababu ya swali moja. Meli ya kigeni ilipoingia katika maji ya nchi ya pwani, ikalipa ada ya leseni, ikavua, ikaondoka na samaki, uvuvi ule uhesabiwe kuwa ni wa nani? Ni wa bendera iliyokuwa ikipepea mlingotini, au ni wa nchi yenye maji? Wenye meli husema ni wa bendera, na kwa kuwa wao ndio waliovua zaidi zamani, wao ndio wapewe fungu kubwa zaidi kesho. Nchi za pwani husema ni wa mwenye maji.

Gazeti hili lasema bila kumung'unya maneno: ni wa mwenye maji.

Mtu akija kwako akakodi mikarafuu yako kwa msimu, akachuma, akakulipa, akaenda zake, hapana kadhi wala hakimu atakayekwambia baada ya misimu 40 kwamba mikarafuu sasa ni ya mkodishwaji kwa sababu yeye ndiye aliyezoea kuichuma. Kodi hainunui shamba. Na kama kodi yenyewe ilikuwa ndogo, kwa sababu mwenye shamba alikuwa maskini, hana mizani, na hakuwa na habari ya bei ya soko, basi ni ajabu zaidi kwamba umaskini wake ule ugeuzwe hati ya kumnyang'anya.

MAILI 3 NA MAILI 200

Vijana wetu yafaa wakumbushwe mambo haya yalikotoka. Zamani za Mwingereza, bahari ya nchi ilihesabiwa maili 3 tu kutoka pwani. Zaidi ya hapo palikuwa, kwa maneno ya wakubwa, bahari huru. Huru kwa nani? Mvuvi wa ngalawa wa Kilwa Kivinje hakuweza kwenda kuvua mbele ya Bretagne. Ilikuwa huru kwa mwenye meli, kama vile barabara ilivyo huru kwa mwenye motokaa.

Uhuru wa nchi ulipopatikana, Waafrika walikataa hesabu hiyo. Januari 1972, katika mkutano wa wanasheria wa Asia na Afrika uliofanyika Lagos, mjumbe wa Kenya, Bwana Frank Njenga, ndiye aliyetoa shauri la eneo la uchumi la bahari, yaani kila nchi ya pwani iwe na mamlaka juu ya samaki na mali nyingine hata maili 200 kutoka pwani yake. Mwaka 1973 Tanzania ilitangaza maili 50 kuwa bahari yake. Mataifa makubwa yalinung'unika. Lakini nchi changa za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilishikana mikono, na tarehe 10 Desemba 1982, huko Montego Bay, Jamaika, Mkataba wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini ukiwa na maili 200 ndani yake. Ulianza kutumika Novemba 1994. Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na mwaka 1989 ikatunga sheria yake ya eneo hilo.

Kwa hiyo maili 200 si zawadi tuliyopewa na mtu. Ni kazi ya Waafrika waliokaa mezani wakiwa wamoja. Sehemu ya Tanzania peke yake ni zaidi ya kilomita za mraba 220,000, maji yaliyokaribia kuwa sawa na nchi nzima ya Uganda. Mtu asiyeijua mali hii ataiuza kwa bei ya mchele wa siku moja.

Lakini mkataba ule ule uliotupa haki ulitupa na wajibu. Kifungu chake cha 64 kinasema kwamba kwa samaki wanaosafiri mbali, na jodari ni wa kwanza wao, nchi ya pwani na nchi zenye meli hazina budi kushirikiana kuwatunza, ndani ya maili 200 na nje yake. Hapa ndipo wazalendo wengine hukosea. Husema: bahari ni yetu, basi tufanye tupendavyo. Bahari ni yetu, kweli. Jodari ni mpita njia.

JODARI HANA PASI

Kati ya mwaka 2005 na 2007 wataalamu walitia alama jodari zaidi ya 160,000 katika Bahari ya Hindi, na wengi kati yao walitiwa alama katika maji ya Tanzania. Kila samaki alichomekwa kijiti chembamba cha plastiki mgongoni, akarudishwa majini. Maelfu ya alama hizo zilikuja kuokotwa na makuli waliokuwa wakipakua meli katika bandari ya Victoria. Samaki aliyeguswa na mkono wa mtaalamu mbele ya pwani yetu alikuwa amekwenda zake, amevuliwa na meli ya Ulaya mbali na hapa, na kupelekwa kwenye kiwanda cha kopo.

Meli kubwa zajua habari hiyo kuliko sisi. Machi hadi Mei huwa katika Mlango wa Msumbiji. Agosti hadi Oktoba huwa mbele ya Somalia. Katikati hupita kwetu na Shelisheli. Zinafuata samaki, na samaki hafuati bendera. Nchi moja ikiwatunza samaki na jirani yake akawamaliza, aliyetunza amefanya kazi bure. Nchi moja ikipandisha ada na jirani yake akashusha, meli zitahamia kwa jirani.

Jambo hili si la kubuni. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Tanzania iliweka mrabaha wa senti 40 za dola kwa kila kilo ya samaki wa bahari kuu. Nia ilikuwa njema. Mwenye mali ana haki ya kudai thamani yake. Lakini majirani hawakuweka kama sisi. Wenye meli hawakugombana wala hawakuandika barua. Waliacha kukata leseni kwetu, wakaenda kwingine, na tozo ikaja kuondolewa. Wako waliosema tozo ilikuwa mbaya. Sisi twasema tozo ilikuwa peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

WENZETU WA PASIFIKI

Asiyeamini na atazame Bahari ya Pasifiki. Huko kuna visiwa vingine ambavyo mtu akivitafuta katika ramani huvifunika kwa ncha ya kalamu. Nauru ina kilomita za mraba 21. Tuvalu ina 26. Kwa miaka mingi meli za Marekani, Japani, Korea na Taiwan zilivua huko kwa ada ndogo, zikikiendea kila kisiwa peke yake na kukiambia kwamba jirani yake amekubali bei ya chini zaidi.

Mwaka 1982 nchi hizo zilitia saini Mkataba wa Nauru. Leo ni nchi 8: Kiribati, Visiwa vya Marshall, Mikronesia, Nauru, Palau, Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon na Tuvalu. Kwanza walikubaliana masharti ya chini ambayo meli yoyote ya kigeni haina budi kuyatimiza kabla ya kupata leseni. Kisha, tangu mwaka 2007, wakaacha kuuza leseni ya mwaka, wakauza siku za kuvua. Idadi ya siku zote huwekwa kwa pamoja, kwa kufuata hali ya samaki, kisha hugawanywa baina yao. Mwenye meli anayetaka siku hununua, na bei ya chini ni moja kwa wote. Mwaka 2012 bei hiyo ya chini ilikuwa dola 5,000 kwa siku. Mwaka 2015 ikawa dola 8,000. Mapato ya nchi hizo kutokana na meli za nyavu, ambayo yalikuwa kama dola milioni 60 mwaka 2010, yalikaribia dola milioni 500 kwa mwaka kabla ya muongo ule kwisha.

Wageni hawakuhama. Wangehamia wapi? Maji yenye samaki yalikuwa mikononi mwa wale 8, na wale 8 walisema neno moja. Na jambo la kukumbukwa na kila mwanachama ni kwamba wengi wao hawakuwa na meli kubwa za kutosha walipoanza. Walikuwa na umoja na hesabu iliyo sawa.

MAMBO YALIVYO VICTORIA

Sasa turudi kwenye bahari yetu. Katika Tume ya Victoria kila mwanachama ana kura moja, na uamuzi wa kufunga watu hupitishwa kwa theluthi mbili za kura. Ni jambo zuri. Lakini mlango wa nyuma haukufungwa. Mwanachama asiyeupenda uamuzi anaweza kuandika pingamizi ndani ya siku 120, na uamuzi huo hautamfunga. Wakipinga zaidi ya theluthi moja, hautawafunga hata waliobaki. Kwa desturi hiyo, Tume ni kama baraza la mtaa ambalo mzee mmoja akishindwa kwa kura husema sawa, ila mimi simo.

Tazameni matokeo yake. Mwaka 2016, kwa juhudi kubwa ya Maldivi, Tume ilikubali kanuni ya kupima kiasi cha sehewa, yule jodari mdogo mwenye mistari tumboni. Kwa kanuni hiyo kikomo cha mwaka 2018 hadi 2020 kilikuwa tani 470,029 kwa mwaka. Samaki waliovuliwa mwaka 2018 walizidi tani 600,000. Nani alivunja kikomo? Ukiuliza, utaambiwa hakuna. Na ni kweli hakuna, kwa sababu hapana aliyekuwa na fungu lake la kuvunja. Kikomo kilikuwa cha wote, kwa hiyo hakikuwa cha mtu. Ndiyo maana twasema shauri la mgawo si la kuwekwa kando hadi mwakani, na mwakani tena. Pasipo mgawo, kikomo ni karatasi.

Jodari wa mapezi ya njano naye alikuwa na kisa chake. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba amevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2016 ukatungwa mpango wa kumponya, na mwaka 2021 ukatungwa mkali zaidi. Nchi kadhaa zikaupinga, zikiwamo India, Indonesia, Iran na Oman. Zilikuwa na sababu zao, na nyingine zilikuwa za haki, kwa maana wavuvi wao wadogo waliona wanabanwa kuliko wenye meli kubwa. Lakini hatuwezi kuwalaumu Wazungu kwa kutumia mlango wa nyuma huku nchi za pwani nazo zikipita humo humo. Mwaka 2024 wataalamu walipima tena, wakasema samaki huyo amepata nafuu. Tunashukuru. Mgonjwa aliyepata nafuu hapewi jembe siku ile ile.

Kisha kuna chelezo. Wavuvi wetu wa zamani walijua kwamba gogo likielea baharini samaki hukusanyika chini yake. Meli kubwa zimeifanya elimu hiyo kuwa biashara. Hutupa chelezo kwa mamia, kila moja ikiwa na chombo kinachopeleka habari kwa satelaiti, na nahodha akiwa amekaa chumbani mwake hujua ipi ina samaki chini yake. Nyavu zikizungushwa pale huzoa sehewa pamoja na watoto wa jodari ambao hawajazaa hata mara moja. Chelezo zilizopotea hukwama katika miamba ya matumbawe ya visiwa.

Februari 2023 Tume ilikutana Mombasa, na kwa kura ikaamua chelezo zifungwe siku 72 kila mwaka. Ilikuwa siku ya furaha. Haikudumu. Pingamizi zikaanza kuandikwa, Umoja wa Ulaya ukiwa miongoni mwa waliopinga, na pamoja nao, kwa aibu yetu, nchi za Kiafrika za bahari hii hii. Uamuzi wa Mombasa ukafa ukiwa mchanga. Mwaka 2024, huko Bangkok, wakapatana jambo dogo zaidi: kwamba chelezo za kila meli, ambazo kikomo chake kilikuwa 300, zishuke hadi 250 mwaka 2026 na 225 mwaka 2028. Ni hatua, lakini ni hatua fupi kwa mtu aliyekuwa anaweza kuruka.

Kwa nini Waafrika walipinga? Tusitukanane kwa hilo, tuseme kweli. Nchi ya kisiwa ambayo watu wake hufanya kazi katika kiwanda cha kopo, na ambayo bandari yake huishi kwa meli za wageni, huogopa meli zikiondoka. Nchi nyingine hutazama ada ya mwaka huu, au msaada ulioahidiwa, au mradi uliokaribia kufunguliwa. Mgeni anajua udhaifu wa kila mmoja wetu, na huzungumza na kila mmoja peke yake. Hivyo ndivyo tulivyotawaliwa zamani, mtemi mmoja mmoja, sultani mmoja mmoja, hati moja moja.

TUJISAFISHE NA SISI

Mwenye kudai haki haifai awe na mikono michafu. Zipo kasoro zetu, na gazeti la chama lisiposema, nani atasema?

Kasoro ya kwanza ni hesabu. Karibu nusu ya jodari wa Bahari ya Hindi huvuliwa na wavuvi wadogo wa nchi za pwani, jambo ambalo ni nadra katika bahari nyingine za dunia. Hiyo ndiyo silaha yetu kubwa katika shauri la mgawo. Lakini silaha hiyo haina risasi kama samaki hawaandikwi. Meli ya kigeni ina kitabu cha kila siku, ina mtazamaji ndani, ina stakabadhi ya bandari. Je, katika diko letu nani aliyeandika? Bwana samaki mmoja ana madiko kumi na hana hata baiskeli. Nahodha naye huficha nusu ya samaki wake akidhani karatasi ni mtego wa kodi. Na tunapofika mezani, mwenzetu ana vitabu vya miaka 40, sisi tuna makisio. Samaki asiyeandikwa ni samaki aliyesamehewa.

Kasoro ya pili ni ulinzi na mahakama. Machi 2009 meli iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika maji yetu ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Ilikamatwa kwa ushirikiano na meli ya doria ya Afrika Kusini. Watu wakawaita samaki wale "samaki wa Magufuli", kwa kuwa Ndugu John Magufuli alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi wakati ule, na samaki wakagawiwa watu wakala. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani washitakiwa wawili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo ule, na Serikali ikaiacha kesi. Kukamata tuliweza, kwa mkono wa ndugu zetu. Kuishika kesi tangu mwanzo hadi mwisho hatukuweza. Funzo lake ni kwamba sheria ya bahari yataka waendesha mashitaka walioisoma, na si mabaharia hodari peke yao.

Nchi 8 za upande wetu wa bahari, yaani Komoro, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Shelisheli, Somalia na Tanzania, zilianza kupeana habari za meli kwa mpango ulioitwa FISH-i Africa. Meli ikibadili jina au bendera katika bandari moja, bandari nyingine hujua. Jambo hilo halikugharimu manowari. Liligharimu simu, barua, na moyo wa kuaminiana. Hiyo ndiyo njia.

Kasoro ya tatu ni nyavu zetu wenyewe. Hatuwezi kumlaumu mgeni kwa kuua watoto wa jodari mbali baharini huku juya la macho madogo likikokotwa pwani kila bamvua, na baruti zimewahi kuvunja matumbawe yetu wenyewe. Wanachama wanaofanya hivyo wajijue kwamba wanamwandikia mgeni hotuba yake.

TUNATAKA NINI

Wako watakaotuambia: hamna meli, mgawiwe fungu la nini? Jibu ni kwamba haki haisubiri uwezo. Wazee wetu walipodai uhuru waliambiwa hawana mainjinia wala madaktari wa kutosha. Wangengoja wahitimu kwanza, tungekuwa tunangoja hadi leo. Aliye na fungu anaweza kulikodisha kwa bei ya haki leo, na kulivua mwenyewe kesho. Septemba 2023 ujenzi wa bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko ulizinduliwa. Bandari pasipo fungu la samaki ni nyumba pasipo shamba.

Wako pia watakaosema tuwafukuze wageni wote. Hilo nalo si shauri la mtu mzima. Samaki wa nje ya maili 200 huwezi kumlinda kwa kufunga mlango wako. Mgeni tunamtaka katika meza ya Tume, kwa sababu akiwa nje ya meza atavua vile vile, ila bila sheria. Tunachokataa ni mgeni kukaa kichwani mwa meza kwa sababu alikula zaidi jana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miaka 40.

Basi tunataka mambo manne, na tunayataka kwa jina la wanachama wetu wote wa pwani na visiwani, na wa bara pia, kwa kuwa mali ya bahari ni ya taifa zima.

Kwanza, wajumbe wetu katika kamati ya mgawo wasimame pamoja na nchi nyingine za pwani, na wasikubali kanuni yoyote ambayo samaki waliovuliwa ndani ya maili 200 za nchi wataandikwa kwa jina la bendera ya kigeni. Kama itabidi mabadiliko yaje kwa hatua, na yaje kwa hatua zenye tarehe. Lakini msingi usiuzwe.

Pili, nchi za upande wetu ziwe na masharti mamoja ya leseni na bei moja ya chini. Tume ya Uvuvi ya Kusini Magharibi mwa Bahari ya Hindi, yenye nchi 12 tangu mwaka 2004, imekwisha kuandaa mwongozo wa masharti hayo. Mwongozo haufungi mtu. Ugeuzwe mkataba, kama walivyofanya wenzetu wa Pasifiki.

Tatu, nchi ya Kiafrika inayofikiri kuandika pingamizi juu ya uamuzi wa kuwatunza samaki iwaite kwanza majirani zake na kuwaeleza shida yake. Kama shida ni ajira za kiwanda au mapato ya bandari, tuibebe pamoja. Isiwe tunasoma habari za ndugu zetu katika tangazo la Victoria.

Nne, Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo makao yake yako Zanzibar na inahudumia pande zote mbili za Muungano tangu mwaka 2010, ipewe watu na vyombo vya kutosha, na hesabu zake za leseni na samaki ziwe wazi. Mwenye mali ana haki ya kuuona mkataba wa mali yake.

Na sisi wanachama tunalo la kufanya kabla Serikali haijajibu. Kila tawi la pwani, kutoka Moa hadi Msimbati, kutoka Nungwi hadi Mkoani, lichague vijana wawili wanaojua kusoma na kuandika, wasaidiane na bwana samaki kuandika samaki wanaoteremshwa dikoni: aina, uzito, siku, na mahali walipovuliwa. Si kazi ya kupigiwa ngoma. Ni kazi ya kalamu na daftari na kuamka alfajiri. Nahodha aambiwe kwamba karatasi ile si ya mtoza kodi; ni shahidi wake mbele ya mataifa. Siku mjumbe wetu atakapoulizwa mezani nchi yake imevua nini, afungue daftari, asifungue mikono.

Mwaka 1972 Mwafrika mmoja alisimama Lagos akasema maji haya yana wenyewe. Dunia ikamsikiliza, kwa sababu nyuma yake walisimama wengi. Maili 200 tunazo. Lililobaki ni kwamba samaki waliomo waandikwe kwa jina letu, watunzwe kwa mikono ya wote, na wagawanywe kwa haki. Tukienda mezani mmoja mmoja tutarudi na posho. Tukienda pamoja tutarudi na fungu.

Uhuru na kazi.